Dawati Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi Lamunu alichota maji, akafagia mbele ya nyumba yao ndogo katika mtaa wa Kamwokya, kisha akapeleka uji nyuma ya pazia. Aliupeleka bila kusema neno. Bakuli liliporudi tupu alilisuuza upesi, maana nyumba ya mama na mtoto mmoja haikutakiwa kuonekana na bakuli la tatu.

Nyuma ya pazia alikaa baba yake, Opoka. Alikuwa askari polisi, Mwacholi, na mwaka ule, baada ya wanajeshi kutwaa serikali, wenzake wa kabila hilo walikuwa wakiitwa kambini mmoja mmoja na hawarudi. Siku alipoitwa yeye, hakwenda. Alirudi nyumbani gizani, na tangu hapo hakutoka. Kisha kwenye njia panda wanajeshi wakalaza gogo barabarani, na kila mwanamume aliyepita peke yake alisimamishwa. Hapakuwa na njia nyingine ya kutoka mtaani. Baba alikohoa ndani ya mto wa kulalia. Mama alisahau kucheka.

Pamoja na Baba, nyuma ya pazia, lilikuwepo dawati.

Shule ya Lamunu ilikuwa ya masista. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya shule, kila familia ilichukua dawati moja bovu na kulitengeneza nyumbani. Jioni ya kuamkia sikukuu, akina baba waliyarudisha kwa maandamano, ngoma ikitangulia, na padri akayabariki pamoja na watoto. Dawati la akina Lamunu lilikuwa limeletwa kabla mambo hayajaharibika. Sasa Baba alichonga vijiti vya mti kwa kisu cha jikoni, akavisukuma matunduni kwa kiganja, taratibu.

"Baba, mbona hutumii misumari?" Lamunu alinong'ona.

"Msumari una mdomo mkubwa, mwanangu. Ukiupiga, mtaa mzima unajua kuna fundi."

Sikukuu ilipokaribia, Mzee Erinayo, mwenyekiti wa wazazi, alipita darasani.

"Wewe binti wa Opoka, baba yako yuko wapi? Mwaka jana alibeba dawati peke yake, akatucheka sisi tuliobeba wawili wawili."

"Labda mwaka huu limemlalia," alisema Aber, mwanafunzi aliyeketi nyuma yake, na darasa likaangua kicheko.

Baba hakutakiwa kutajwa. Lamunu alisema neno la kwanza lililomjia. "Mama anaumwa, mzee. Hata kuinuka hawezi."

Uso wa Mzee Erinayo ulibadilika. "Pole sana, mwanangu. Mna mgonjwa, na mmenyamaza tu? Kesho tukiyakusanya madawati, tutaingia kwenu sote. Tutamwombea palepale kitandani, na dawati lenu tutalibeba sisi."

Lamunu alikuwa amesahau desturi ya wazazi wale. Familia yenye mgonjwa haikuachwa peke yake. Walikuja na ndizi na nyimbo, wakaingia hadi chumbani. Na nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na pazia.

Alipomweleza Mama, Mama aliketi chini. "Mwanangu, umetuitia watu."

"Nikamwambie Sista Kavugho ukweli?" Lamunu aliuliza huku akilia.

Sauti ya Baba ikatoka nyuma ya pazia. "Mwache aende. Kama tulimwamini Sista huyo atulelee mtoto, tumwamini anilinde na mimi."

Sista Kavugho, mkuu wa shule, alitoka Kongo na alisema Kiswahili cha polepole. Asubuhi Lamunu alimkuta akipiga pasi kitambaa cha altare.

"Sista, Mama haumwi. Nilidanganya. Baba yumo ndani, anajificha."

Sista aliiweka pasi ya makaa pembeni.

"Nikiwazuia wazazi, watauliza sababu, na swali litazunguka mtaani. Waache waje," alisema. "Dawati limekwisha?"

"Ndiyo, Sista."

"Na baba yako hulibeba peke yake?"

"Kila mwaka."

"Basi atalibeba."

Jioni ngoma ilisikika mlangoni. Sista aliingia kwanza, peke yake, kisha akatoka. "Mama Lamunu amesimama, tumshukuru Mungu. Hatuna haja ya kukaa."

Nyuma yake alitoka mwanamume mwenye dawati kichwani, ubao wake ukimfunika hadi kidevuni. Mzee Erinayo alimtazama mabega. Alimtambua. Aliipiga ngoma kwa nguvu zaidi, na akina baba wakamzunguka yule mtu pande zote.

Penye gogo, mwanajeshi aliinua mkono, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Nyinyi nahamisha shule?"

"Hapana, afande," alijibu Mzee Erinayo. "Kesho sikukuu, tunawarudishia watoto madawati."

"Na huyu, mbona nabeba peke yake?"

Lamunu, aliyefuata nyuma ya msafara pamoja na Mama, aliushika mkono wa Mama.

"Huyo ana majivuno, afande," alisema Mzee Erinayo. "Kila mwaka ni hivyo hivyo."

Mwanajeshi alicheka, akalisukuma gogo kwa buti.

Usiku ule Baba alilala shuleni, na alfajiri lori la masista lilikwenda Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, kuchukua saruji, na mpakiaji mpya nyuma. Siku ya sikukuu watu waliimba na kula, lakini Lamunu alikaa langoni akilisubiri lori. Lori liliporudi, Sista alimwita yeye na Mama yake.

"Mpakiaji wetu ameshavuka mpaka, yuko Kenya. Anawasalimu." Mama akafunika uso kwa kitenge. Sista akamgeukia Lamunu. "Siku nyingine ukiulizwa jambo lisilosemeka, sema, 'Siwezi kusema.' Mtu mwema atakuelewa. Ukitunga ugonjwa, wema wenyewe utakuja kuubomoa mlango wako. Ila ukweli ulipoupeleka mahali pake, umeona watu wangapi walisimama na baba yako. Shule si kuta, mwanangu. Shule ni wale waliomzunguka."

Lamunu alirudi darasani, akaketi kwenye dawati lenye vijiti. Aber akalitikisa kwa mguu, kama kawaida yake.

Halikutikisika.