Laini ya Kwao

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne ya tarehe 17 Agosti 2004, mgeni wa chumba namba nne katika gesti ya Mama Evelyn, Karatu, alitoka barazani na simu mkono mmoja na kikaratasi mkono wa pili, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kulia. Hakupiga yowe. Alilia tu kimyakimya, mama wa watu mwenye mvi, na wafanyakazi wakabaki kutazamana.

Kitu kilichoibwa kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa laini ya simu.

Koplo Marsela alifika saa tano kasoro dakika kumi, kwa miguu, maana gari la kituo halikuwa na mafuta, na lini lilikuwa nayo? Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Digodigo. Miaka mitano Karatu, na bado watu walimwita yule afande mgeni. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, akapika ugali wa mtu mmoja, akala akiangalia ukuta. Simu alikuwa nayo, ila aliyempigia ni mkuu wa kituo peke yake, tena kwa kumfokea. Habari za upweke hakuhitaji kusimuliwa.

Mgeni aliitwa Kirsten, mwalimu mstaafu kutoka Denmark, anasafiri peke yake. Kiingereza cha Marsela kilikuwa cha kidato cha nne, lakini kilitosha.

"Jana nilinunua laini ya hapa, ili nipige simu kwa bei nafuu," Kirsten alieleza. "Ikanishinda kuiunga. Leo saa moja na nusu yule binti aliyeniuzia akaja kunisaidia. Akatoa laini yangu ya nyumbani, akaweka hii. Ile ya nyumbani akaifunga kwenye kikaratasi cha vocha, akaiweka mezani, chini ya glasi. Nikaenda kuoga mpaka saa mbili, na baada ya hapo sikutoka chumbani."

"Ukagundua saa ngapi kwamba haipo?"

"Saa nne. Nilitaka namba ya mkwe wangu. Kikaratasi kipo, ndani hamna kitu." Akafuta macho. "Binti yangu ni wa pekee, na siku yoyote atajifungua. Wao wanaijua namba ile tu, na namba zao zote zimo humo humo."

Marsela akatazama chumba. Kamera ipo. Saa ya mkono ipo. Dola mia mbili zipo, zimechungulia kwenye kitabu. Mwizi gani huyu, anapita juu ya dola na kuchukua kiplastiki?

Aliuliza walioingia chumbani kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Walikuwa watatu. Nasma, muuza laini. Clemensi, dereva wa watalii, aliyerudisha darubini ambayo mgeni aliisahau garini. Na mpishi, aliyepeleka maji ya moto.

Mpishi huyo ni Aikaeli, Mmachame anayekaribia miaka sitini, ambaye gesti nzima ilimwita Mama Godson. Marsela alimkuta jikoni anamenya karoti. Shingoni alining'iniza simu ndogo ya rangi ya fedha, kwa kamba nyekundu.

"Shikamoo mama. Simu nzuri hiyo."

Margareth, mhudumu wa meza, akadakia akicheka. "Hiyo si simu, afande, ni mkufu! Ina miaka miwili hapo shingoni, haijalia hata siku moja."

"Niache na mkufu wangu," Mama Godson alisema, naye akatabasamu kidogo. "Marahaba, mwanangu."

"Uliingia namba nne saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo. Mgeni alikuwa bafuni. Nikaweka maji, nikatoka."

"Kikaratasi mezani ulikiona?"

"Niliona glasi. Mengine sikuyaangalia."

"Baadaye ukaenda wapi?"

"Saa tatu nilikwenda sokoni, nyanya ziliisha."

Marsela aliandika yote kwenye daftari. Akaandika na jambo moja dogo ambalo hakujua maana yake: katika mazungumzo yale mafupi, mama aliitazama simu yake mara mbili, na saa kubwa ya ukutani ilikuwa mbele yake.

Aliporudi kituoni alikuta kazi imeshafanywa bila yeye. Mkuu wa kituo alikuwa amemtia Nasma mahabusu tangu saa tano na nusu.

"Nani anashughulika na laini mji huu kama si yeye?" mkuu alisema. "Ndiye aliyeishika mara ya mwisho. Kesi ya mtalii inakwenda mkoani. Saa kumi na moja gari la mkoa linatoka kwenda Arusha, na yeye ndani."

"Mkuu, ana mtoto wa miezi minane. Bado ananyonya."

"Basi mwambie aseme laini iko wapi."

Nasma alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, kwao Kondoa, mwenye kibanda cha simu karibu na stendi. Alikaa sakafuni amekumbatia magoti, gauni lake limelowa maziwa kifuani.

"Afande, mimi nauza laini," alisema. "Ninazo boksi zima. Dunia nzima hakuna mtu asiyehitaji kuiba laini kama mimi!"

"Uliiacha wapi?"

"Chini ya glasi. Mgeni aliniona. Mwanangu yuko kwa bibi, anapewa uji na uji hautaki. Nikipelekwa Arusha nitarudi lini? Niambie kweli, afande, nitarudi lini?"

Marsela akafunga daftari, akaondoka.

Saa saba mchana Kirsten alikuja kituoni mbio. Alikuwa ameipigia kampuni yake ya simu huko Denmark kwa laini mpya. Wamemwambia laini iliyoibwa imetumika asubuhi hiyo hiyo. Saa tatu na dakika arobaini kwa saa za hapa, mtu alipiga namba moja ya Denmark mara tatu. Mara ya tatu waliongea chini ya dakika moja.

"Wanataka kuifunga," alisema. "Nimewaomba wasubiri. Ikifungwa, binti yangu atanipata wapi?"

Marsela akaandika namba ile, akakwangua vocha yake mwenyewe, akapiga. Ikaita. Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa mara tu ilipoanza kuita. Mara ya tatu alikuta imezimwa. Mtu huyo anaona namba ya Tanzania na anaikimbia. Marsela aliumia, kana kwamba ni yeye aliyekatiwa na ndugu yake.

Sasa nani Karatu ana mtu Denmark? Jina lilikuja mara moja. Clemensi! Mji mzima ulijua habari za Mette, mtalii wa mwaka jana aliyemwachia Clemensi picha, koti na majivuno.

Saa nane na nusu alimkuta kwenye kituo cha mafuta, gari limejaa vumbi la kreta.

"Toa ulivyo navyo mfukoni."

Zikatoka sigara, funguo, na kikopo cha filamu. Marsela akakifungua. Kilijaa laini za simu, si chini ya kumi na tano.

"Afande, subiri!" Clemensi alipaza sauti. "Wageni wananiachia wakimaliza safari. Zote za hapa hizo, nakusanya tu."

Marsela akazikagua moja moja. Kweli, zote zilikuwa za hapa.

"Saa tatu na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nashuka kreta na wageni wanne. Piga geti la hifadhi pale Lodoare, nimesaini kitabu saa mbili na dakika arobaini na tano. Kule chini simu ni tochi tu, haishiki mtandao hata upande juu ya gari."

"Namba ya Mette?"

Alimpa. Haikuwa ile. Clemensi akaona afande amepoa, naye akapata ujasiri wa kucheka.

"Halafu mimi laini ya nje ya nini? Dakika moja ni bei ya mbuzi! Nikitaka kumpigia Mette nakwangua vocha ya hapa napiga, tena natumia simu yangu hii hii. Mwizi wako ni chizi."

"Au simu yake haikubali laini zetu," Marsela alisema polepole.

"Hizo zipo, za kuletewa na ndugu kutoka nje. Zimefungwa na kampuni za kwao. Hapo umwone fundi Dauda."

Geti la Lodoare lilithibitisha kwa redio: saa mbili na dakika arobaini na tano, sahihi ya Clemensi. Na fundi Dauda alikuwa kibandani kwake, miwani puani, bisibisi mkononi.

"Simu zilizofungwa?" alisema. "Mwaka huu nimeletewa tatu. Mbili nimezifungua, alhamdulillahi. Moja imenishinda. Kila laini ya hapa inaikataa. Nikamwambia mwenyewe, hii inataka laini ya kwao, nyingine usihangaike."

"Kwao wapi?"

"Denmark. Na mwenyewe unamjua, ni Mama Godson wa gesti. Kila mwezi lazima apite hapa kuniuliza, fundi, bado? Mpaka naona aibu."

Saa kumi kasoro dakika tano Marsela aliingia jikoni. Alimwomba Margareth awapishe, akavuta kigoda.

"Mama Godson, Godson yuko wapi?"

Kisu kikasimama juu ya karoti.

"Denmark," mama alijibu.

"Simu yako haikubali laini za hapa. Dauda alikwambia inataka ya kwao. Saa mbili kasorobo uliingia chumba namba nne, mgeni anaoga. Saa tatu ukatoka kwenda sokoni. Saa tatu na dakika arobaini ukapiga. Naomba hiyo simu, mama."

Mama Godson akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Ningekupa tangu asubuhi, haki ya Mungu. Lakini amesema atapiga."

Akaeleza yote, bila kuinua macho. Godson aliondoka mwaka tisini na nane na kwaya ya kanisa. Wenzake wote walirudi, yeye akabaki. Barua zikaja, zikapungua, zikaisha. Halafu miaka miwili iliyopita mchungaji mmoja akaleta boksi lenye simu, juu yake pameandikwa namba. Barua hapana.

"Nikasema, mtu hawezi kukutumia simu kama hataki kuongea na wewe. Si kweli, afande? Kwa Nasma nimepiga mpaka yule mtoto akawa hanitozi. Inaita, inakatwa. Nikajua kosa ni langu. Natumia simu za watu, ile aliyonipa mwenyewe nimeivaa shingoni. Mgeni alipofika nikaona kwenye kitabu cha wageni ameandika Denmark. Na leo nimekuta laini yake mezani."

"Akapokea?"

"Akapokea!" Uso wake ukang'aa, na Marsela akashindwa kuuangalia. "Mara ya kwanza anasema kizungu cha kule, nikashindwa kutoa sauti. Ya pili nikalia tu. Ya tatu nikasema, Godson, ni mama. Akanyamaza. Sauti imekuwa nzito kama ya marehemu baba yake. Akasema, Mama, niko kazini, nitakupigia. Unaona? Kumbe alikuwa anasubiri nitumie simu yake."

Marsela alijua kwa nini Godson alipokea. Aliona namba ya Denmark, akadhani ni mtu wa huko.

"Nasma yuko ndani tangu saa tano na nusu," alisema badala yake, na sasa hasira ilimpanda. "Ana mtoto anayenyonya. Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nahesabu saa. Nikasema mpaka saa kumi na moja atakuwa ameshapiga, nitakimbilia kituoni mwenyewe."

"Na kama hajapiga? Ungemwacha apandishwe gari?"

Mama alisogeza kisu pembeni.

"Sijui, afande. Hapo ndipo ninapojiogopa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tano. Kituoni ni mwendo wa dakika ishirini. Marsela angeweza kuichukua simu ile pale pale, na kazi yake ilimtaka afanye hivyo.

"Mpaka na robo," alisema.

Wakaiweka mezani, katikati ya maganda ya karoti, wakakaa. Simu haikulia. Ilipofika na robo, Mama Godson mwenyewe aliifungua mgongo kwa ncha ya kisu, akatoa laini, akaiweka kwenye kiganja cha Marsela.

Saa kumi na dakika arobaini Nasma alitolewa mahabusu. Alipomwona aliyeletwa, akasimama.

"Mama Godson? Wewe? Mimi niliyekuwa nakupigia bure, kwa huruma!"

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanao," Nasma alisema, akatoka mbio kwenda kwa mtoto wake.

Kirsten, aliyeitwa kituoni, alielezwa kila kitu kwa Kiingereza cha kuungaunga. Alisikiliza, akamtazama mpishi kwa muda, kisha akasema hataki kesi. Mkuu wa kituo akalalamika kuhusu karatasi zilizopotea bure, akamwamuru Mama Godson arudi kesho kuandika maelezo.

Laini ilirudishwa kwenye simu ya mwenyewe. Haikupita dakika tano, ikalia.

Mama Godson alisimama kabla ya wote, mkono ameunyoosha.

"Ni yeye!"

Kirsten alikuwa ameshapokea. Akasikiliza, akapiga kelele moja, akacheka huku machozi yanamtoka, akamweleza Marsela kwa Kiingereza. Mkono ule wa Mama Godson ulibaki hewani, kisha ukashuka.

"Ni mkwe wake, mama," Marsela alisema taratibu. "Binti yake amejifungua. Mtoto wa kike."

"Mungu ashukuriwe. Mwambie hongera."

Akakaa tena kwenye benchi, akaweka sawa kitenge chake magotini. Simu yake ya rangi ya fedha ilikuwa shingoni, tupu. Aliangalia saa ya kituo.

"Huko wako nyuma yetu saa moja," alimwambia Marsela. "Bado hajatoka kazini."