Mshale Uliosema Hamsini

Ndugu zangu wa Bariadi, nanyi jirani zetu wa Meatu, nisikilizeni. Mimi Hamimu ni fundi magari, na wengi wenu mmewahi kuleta gari gerejini kwangu. Haya ninayowasimulia si ya kusikia tu. Yalipita mikononi mwangu.

Januarius na mkewe Apolonia walikuwa wakulima wa pamba, na nyumba yao iko nje kidogo ya mji. Ilikuwa nyumba ya amani. Msimu wa mavuno, ukipita pale jioni, ungewakuta wameketi juu ya turubai pamoja na binti yao Violeth wa darasa la sita, wakitenga pamba safi na pamba chafu, huku Apolonia akiwachekesha kwa Kisukuma mpaka kazi inasimama. Walikuwa na gari dogo la zamani, lile la spidi mita inayozungushwa na waya kutoka kwenye gia boksi.

Apolonia aliogopa mwendo. Kaka yake alikufa kwa ajali, na tangu hapo kila alipopanda gari aliketi mbele, macho kwenye mshale wa spidi mita. Kwenye barabara ya vumbi, hamsini ndiyo ilikuwa mwisho. Ukizidi hapo, alisema, "Baba Violeth, punguza." Januarius alipunguza. Hakumbishia hata siku moja.

Basi mshale ukaanza kutetemeka. Ukawa unaruka, unarudi, unaruka. Wiki moja baadaye ukalala kwenye sifuri na haukuamka tena. Apolonia akasema hapandi gari lisilosema mwendo wake.

Jumamosi asubuhi Januarius akaniletea gari, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi. Nitengenezee hii spidi mita. Mchana tunakwenda Mwandoya, mama mkwe anaumwa."

Nilianza vizuri, naapa. Nilifungua waya nyuma ya dashibodi, nikauzungusha kwa vidole. Ulizunguka bila kukwama, haukukatika. Nikaizungusha spidi mita yenyewe, mshale ukapanda. Basi tatizo liko chini. Nikaingia uvunguni, nikachomoa kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha waya ule. Meno yake yalikuwa yameliwa, yamebaki vipande.

Cha kufanana nacho sikuwa nacho. Lakini kwenye boksi la vyuma chakavu nilikuwa na kingine, cha gari la aina nyingine. Kilikaa. Jamani, mtu yeyote aliyefundishwa kazi hii anajua: kabla ya kufunga kigia cha namna hiyo, hesabu meno. Meno yakizidi, waya unazunguka polepole, na mshale unasema mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Mimi sikuhesabu.

Nikasema moyoni nitaipima barabarani. Januarius aliporudi saa sita, mkewe na binti yake walikuwa naye, na kikapu cha viazi.

"Twende kwanza njia ya Maswa," nikamwambia. "Tufuate vibao vya kilomita, mimi nashika saa. Mshale ukisema sitini, kila kilomita iishe kwa dakika moja."

"Tutachelewa, fundi. Mshale si unapanda?"

"Unapanda."

"Basi inafanya kazi?"

Apolonia alikuwa ananitazama. Alikuwa anasubiri neno langu mimi, si la mumewe. Nikajibu, "Inafanya kazi, mama. Pandeni tu."

Alitabasamu, akaniachia viazi vitatu, akapanda.

Yaliyofuata aliyasimulia Violeth baadaye. Walipotoka kwenye lami na kuingia kwenye vumbi, mama yake alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Baba Violeth, mbona miti inapita haraka hivi?"

"Hamsini, mama. Tazama mwenyewe."

Aliinama, akautazama mshale. Kweli, hamsini. Akaachia mikono, akaegemea kiti, akaanza kumweleza binti yake jinsi bibi yake alivyokuwa mkali zamani.

Kabla ya Mwandoya kuna kona inayoshuka kwenye daraja, na changarawe pale ni legelege. Gari liliteleza upande, likashuka tuta, likabingirika mara mbili. Januarius alivunjika mbavu. Violeth alivunjika mkono. Apolonia alikata roho kwenye pikapu ya watu waliojitolea kuwakimbiza kituo cha afya. Binti yake alikuwa amemshika mguu.

Siku ya pili niliomba kuona lile gari. Nikaingia uvunguni, nikachomoa kigia changu, nikahesabu. Cha zamani kilikuwa na meno kumi na sita. Changu, ishirini na moja. Mshale uliposema hamsini, gari lilikuwa linapita sitini na tano. Nilikaa chini ya gari lile mpaka mke wangu Mwanamisi akaja kunitafuta.

Tulikwenda msibani wote wawili. Mama mzazi wa marehemu, Ng'washi, aliletwa akiwa mgonjwa vile vile, akalazwa kwenye mkeka, analia bila sauti. Nikapiga magoti mbele ya Januarius, nikamweleza yote mbele ya wazee.

Januarius akasema, "Nilihisi, Hamimu. Usukani ulikuwa mwepesi, nikahisi tunakwenda sana. Nikaamini mshale. Na wewe uliponiambia tukapime, nilikataa." Akafuta uso. "Tumemuua pamoja."

Heri angenipiga.

Violeth alikuwa mlangoni, mkono umefungwa plasta. Akaniuliza swali moja tu: "Fundi, ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Lakini ungeweza kujua?"

Nikajibu ndiyo. Akaingia ndani. Mpaka leo tukikutana sokoni hunisalimia kwa adabu, shikamoo, na kupita. Mkono wake haunyooki vizuri. Baba yake hajaendesha tena gari. Pamba wanaichambua wawili, na ukipita pale jioni husikii kicheko.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kulipua kazi, yaani kuifanya ovyo ovyo, ni kuua polepole. Fundi, usimwambie mtu "inafanya kazi" kabla hujapima. Kama hujui, sema hujui, hata akikasirika. Mwenye gari, fundi akikuomba nusu saa ya kujaribu, mpe. Kipimo kilichokufa humfanya mtu awe mwangalifu, lakini kipimo kinachodanganya humtuliza akiwa anakwenda kaburini. Neno "pandeni tu" nililisema mara moja, na Apolonia akaliamini.