Udongo wa Nje ya Ukuta

Kopo lilikuwa la kahawa, la bati, na ndani yake mlikuwa na udongo usiozidi viganja viwili. Persis alilibeba mkobani kutoka Italia mpaka Nairobi bila hata kukumbuka kwamba analo. Lakini aliposhuka Kisii mjini na kushika njia ya miguu kwenda nyumbani Kiogoro, alilihamisha kutoka mkono huu hadi mkono ule mara nne, na alipofika kwao bega lilikuwa limevimba. Akajiambia ni uchovu wa ndege. Alikuwa amekwisha kudanganya jambo moja kubwa zaidi, kwa hiyo hilo dogo halikumpa taabu.

Tuanzie kwenye hilo kubwa. Mama yake, Mokeira, alikuwa na mtoto wa kwanza wa kiume, Makori. Waingereza walimchukua vitani mwaka 1941, akatekwa jangwani, akapelekwa Italia mfungwa, akafia huko. Serikali ilileta barua yenye namba ya kaburi, basi, hakuna kingine. Sasa kwetu mtu akifa mbali asirudishwe, bado yuko njiani. Hana kaburi nyumbani, wala huwezi kumpa mtoto jina lake ukatulia. Mokeira alingoja miaka thelathini na miwili apate angalau udongo wa kuzika.

Mwaka 1975 Wakatoliki walikuwa na Mwaka Mtakatifu, na kampuni moja ya Nairobi ikakusanya mahujaji wa kuzungushwa Italia kwa basi siku kumi na mbili. Persis ni Msabato wa kuzaliwa. Lakini nafasi moja ilibaki, naye alikuwa mwalimu wa ushonaji, hana mume wala mtoto, akasema nitakwenda mimi. Kanisani walimcheka kwamba Msabato anakwenda Roma kubusu pete ya Papa. Akawaambia pete hawatampa, na wakimpa ataiuza.

Huko kila mtu alikuwa na wake. Wagoa walikwenda mume na mke, masista wawili wawili. Persis alikaa peke yake nyuma ya dereva, na jioni hotelini aliwekewa sahani moja kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni. Aliyemjali alikuwa kiongozi wa safari, mzee Sandro, ambaye naye alikuwa mfungwa wa vita Naivasha na akatoka na Kiswahili cha kambini. Kila asubuhi akiwahesabu watu ndani ya basi alimfundisha Mama Kisii wake namba, uno, due, tre, mpaka venti, yaani ishirini.

Siku ya tisa Sandro alimwomba dereva apite kwenye makaburi ya vita, dakika kumi na tano tu. Mvua ilikuwa inanyesha. Misalaba ilikuwa mamia, namba zimefutika, na mle basini watu walikuwa wananung'unika kwamba watakosa chakula cha mchana. Persis alizunguka na barua yake mpaka wino ukachuruzika vidoleni, asione kitu. Honi ikalia. Akamfikiria mama yake ameketi mlangoni, anangoja. Nje ya ukuta wa nyuma palikuwa na tuta moja lisilo na msalaba. Akachota pale, akalisemesha kama alivyoagizwa na wazee.

“Twende nyumbani, mwana wa Mokeira,” alisema. “Mama yako anakungoja.”

Alipokwisha kuketi, akamuuliza Sandro, kama mtu asiye na haja, ni nani amezikwa nje ya ukuta.

“Ile mubaya sana,” Sandro alisema. “Ile askari ya kambi. Napiga wafungwa na buti, nahesabu. Uno, due, tre. Ikifika venti, mutu nakufa. Vita naisha, watu ya kijiji nampiga yeye pia, na padri nakataa yeye kulala ndani. Wewe hapana kwenda pale, Mama.”

Kopo lilikuwa mapajani mwake. Angeweza kulitupa dirishani, na hadithi ingeishia hapo. Lakini Persis alikumbuka alivyofundishwa tangu utotoni, kwamba wafu wamelala, hawajui lolote, hawasikii lolote. Akalishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Udongo ni udongo, mama ataridhika. Mimi namuuliza hivi: mtu anayeamini wafu hawasikii alikuwa anasemesha tuta la nini? Jioni ile mhudumu wa hoteli alimwekea sahani mbili, akavuta na kiti cha pili, akaenda zake. Persis alikula tambi zake bila kuinua macho.

Kiogoro wakamzika Makori Jumapili, maana Jumamosi mchungaji angeuliza maswali. Joash, kitinda mimba wa Mokeira, alichimba shimo kando ya kaburi la baba yao. Wakalaza ndani shina la mgomba lililoviringishwa blanketi badala ya mwili, wakalimwagia ule udongo. Mokeira alilia sana, na katikati ya kilio akawa anacheka. Kisha akaletwa mtoto wa Joash, wa kiume, wa siku tisa, aliyekuwa akilia tangu alfajiri. Wanawake wakamwitia majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mtoto hunyamaza akisikia lake. Walipotaja Makori, akanyamaza palepale, kama mtu aliyezibwa mdomo. Vigelegele vikapigwa. Persis peke yake ndiye aliyeona kwamba mtoto amegeuza shingo, shingo ile ya siku tisa, na anamtazama.

Mvua ya Kisii huja alasiri, na Jumatatu yule wa nje ya ukuta naye alikuja nayo. Wa kwanza kumsikia alikuwa Nyaboke, mke wa Joash.

“Dada,” alimnong'oneza Persis, “kuna mtu uani amevaa viatu vya misumari.”

Walichungulia. Uani hapakuwa na mtu. Lakini kwenye matope alama za visigino zilikuwa zinajichora, moja, nyingine, polepole, zikielekea mlangoni, na harufu ya siki na ngozi iliyolowa ikaingia ndani kabla yazo. Kisha kwenye kitanda alicholala mtoto ikatoka sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka. Uno. Due. Tre. Kwa kila namba kuku mmoja alirushwa ukutani na shingo imesokotwa.

Watu wa pwani wangesema ni jini. Kwetu ni ebirecha, roho za wafu, na jina halipunguzi kipigo. Persis alijua tangu uno. Alijua, akanyamaza. Jumanne hesabu iliendelea pale ilipoachia, nne mpaka saba, na ng'ombe wa maziwa akapigwa mateke zizini na miguu isiyoonekana. Walisikia mbavu zikivunjika moja moja, na yule ng'ombe akapiga magoti akitapika damu. Persis akanyamaza. Jumatano Joash alikamata panga akasimama mlangoni, akaangushwa chini, akapigwa nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mkono ukavunjika mahali pawili, na meno manne akayatema kwenye kanga ya mkewe. Persis alimfunga mkono, akamwosha mdomo, akanyamaza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Alhamisi walimpeleka mtoto kwa jirani, wakidhani jambo limekaa kwenye nyumba. Mvua ilipoanza, jirani alikuja mbio amembeba mikononi, analia kuliko Nyaboke. Kwenye kifua cha mtoto palikuwa na alama nne nyeusi za kisigino, misumari yake ikihesabika. Kumi na tatu mpaka kumi na sita. Mtoto alikuwa anapumua kama anayenyonya hewa kwa bua. Zilikuwa zimebaki nne, na ni Persis tu katika boma lile aliyejua kwamba zimebaki nne.

Ijumaa asubuhi Joash alimwita Nyangate, omoragori wa kule mlimani, mwanamke wa kupiga ramli asiyependa salamu ndefu. Alizunguka lile kaburi dogo mara moja, akachukua udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi, akautema.

“Huyu si wa boma hili,” alisema. “Lakini hakuvunja mlango. Amekaribishwa, na mmempa jina la mwenu. Nani alimleta?”

Ndipo Persis alipopiga magoti. Alisema yote, mbele ya mama yake, mbele ya Nyaboke aliyekuwa na mtoto kifuani, mbele ya Joash asiyeweza kufunga mdomo kwa uvimbe. Tuta, ukuta, honi, maneno ya Sandro, namba na mwisho wake. Nyaboke alimpiga kofi, kisha la pili, na hakuna aliyemzuia. Mokeira hakuinua mkono. Ingekuwa nafuu angeuinua.

“Jumatatu ulijua,” Mokeira alisema.

“Nilijua, mama. Niliona aibu.”

“Na huyo mtu. Alikuwa kwenye kambi ya Makori wangu?”

“Alikuwa mlinzi huko, mama. Makaburi yale ni ya wafungwa wa kambi ile.”

Mokeira aliinama akazitazama zile alama nne kwenye kifua cha mtoto. Alikuwa na miaka sabini na zaidi, miguu imevimba, jicho moja limeingia ukungu.

Nyangate alieleza kwa sauti ya chini. Mtoto anaweza kuvuliwa jina, lakini huyo mgeni hawezi kurudi kwao, bahari ni kubwa na hajui njia. Aliitwa kama mwana. Atatoka kwa mtoto iwapo tu mama atamfungulia kifua chake mwenyewe. Persis akasema basi aje kwake, yeye ndiye aliyemwita.

“Wewe ulimwita kwa niaba,” Nyangate alisema. “Hakuahidiwa wewe.”

“Aliahidiwa mimi,” Mokeira alisema. “Mpeni kwangu. Miaka thelathini na miwili nimetaka kumshika aliyemuua mwanangu, na hata sura yake siijui. Sasa amekuja mwenyewe mlangoni. Persis, shika mtoto.”

“Mama, usifanye hivyo.”

“Nimesema shika mtoto.”

Mvua ikaanguka. Mokeira aliketi kwenye kigoda katikati ya nyumba, akateremsha kanga mpaka kiunoni, akafungua mikono, na buti zilipoanza uani, hatua moja, hatua nyingine, na siki ikajaa chumbani mpaka macho yakawawasha, akaita kwa sauti aliyowaitia watoto wake wote walipokuwa wadogo, mwanangu njoo, mimi ndiye mama yako, njoo unyonye, na mtoto mikononi mwa Persis akajinyoosha kama ubao, akafungua mdomo, na kitu kizito kikatoka ndani yake kikimgonga Persis kifuani kwa kupita, na Mokeira akarushwa nyuma na kigoda chake, lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kufumbatana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona, akakikaza, na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa na haraka, ikasema kumi na saba kwa lugha yake na taya la Mokeira likavunjika, ikasema kumi na nane na mbavu zikaitika, na yeye hakuachia, alizidi kukaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, ikasema kumi na tisa na damu ikamtoka puani na masikioni, na sauti ile ikaanza kupiga kelele, si za hasira tena, kelele za mtu aliyeshikwa, ikijaribu kutoka, ikijaribu kutohesabu.

Hapo Mokeira, kwa taya lile lililovunjika, akahesabu mwenyewe.

“Ishirini, mwanangu,” alisema.

Mwili ukashtuka mara moja, ukatulia. Harufu ikakatika. Mtoto akalia, kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa, na Nyaboke akamnyakua akamtia titi mdomoni. Persis alitambaa mpaka kwa mama yake. Alijaribu kuikunjua ile mikono ili amlaze vizuri, na Nyangate akamkamata kwa nguvu.

“Usiiguse,” alimnong'oneza. “Bado anamshika.”

Walimzika hivyohivyo, mikono imefumbata, nje ya uzio, chini karibu na kijito, mbali na kaburi la mumewe. Lile kaburi dogo la mgomba likafukuliwa likachomwa moto. Mtoto alivuliwa jina la Makori akaitwa Machogu, akapona, na leo ana makovu manne kifuani ambayo huambiwa ni ya tetekuwanga. Nyangate aliacha sharti moja. Jina la Mokeira lisiitwe kwa mtoto yeyote wa ukoo ule, wala kwa mjukuu wala kwa kitukuu. Mtu akipewa jina huja, na akija lazima afungue mikono.

Kwa Mkisii hiyo ndiyo adhabu iliyo kubwa kuliko kaburi la nje ya uzio. Mtu asiye na wa kumrithi jina amekwisha kabisa, kama hakuwahi kupika wala kuzaa. Persis alilijua hilo, na ni yeye aliyelisababisha, na hakuna siku aliyolisahau.

Mwaka 1978 Nyaboke alijifungua mtoto wa kike. Alilia siku mbili mfululizo, hanyonyi. Wanawake wakakusanyika wakamwitia majina. Nyamoita, akalia. Nyanchera, akalia. Waliita wote waliolala katika boma lile, wakarudia tangu mwanzo, na mtoto akazidi kulia, huku macho yake yamefungwa na ngumi zake ndogo zinatafuta pa kushika. Kisha wakanyamaza wote, kwa sababu jina lililobaki kila mmoja alilijua. Nyaboke alimtazama Persis na machozi yanamtiririka. Persis alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka naye nje, na alitembea naye uani mchana kutwa bila kufungua mdomo. Siku ya tatu sauti ilimkauka mtoto. Wakamwandikisha kanisani kwa jina la Biblia, na la kwao hajapewa mpaka leo.