Foleni ya Wenye Mahali

Kifaa kile hakikuwa na jina wala namba, lakini kwenye orodha ya ruta kilikaa juu kabisa, juu ya zahanati.

Ghalib alikifuta. Kikarudi. Yeye ndiye aliyepanga foleni za intaneti inayoletwa kisiwani Koyama kutoka Kismayu: zahanati ipite kwanza, kisha simu za sauti, na wapenda video wasubiri, subira ni ufunguo wa faraja. Siku ya kusimamisha mlingoti wa intaneti hiyo kando ya makaburi ya kale, shangazi yake Mwanabibi alimsihi afukize ubani, awaombe ruhusa wenye mahali, mizimu ya hapo. Ghalib alicheka, akasema ubani hauongezi kasi. Ili kumridhisha bibi wa watu, aliongeza foleni moja tupu juu ya zote, akaiita Wenye Mahali. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Alasiri hii mkewe Samiha alikuwa chumba cha pili hapo zahanati, na uchungu wa mimba yao ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya, na daktari wa Kismayu aliyemwongoza mkunga kwa video alikuwa ameganda kinywa wazi. Ghalib alizima ruta, akaiwasha, akaifuta foleni ile ikarudi imejaa pomoni, na kila alipoifuta harufu ya ubani ilizidi humo chumbani ambamo hamkuwa na chetezo wala kaa la moto, na kwenye simu, mahali pa sauti ya daktari, zikaja pumzi za wengi waliosongamana wakingoja, na nyuma ya ukuta Samiha akawa hamwiti tena, analia tu, kisha halii.

Mwanabibi alisimama mlangoni. "Mchu akipewa mbele harudishwi nyuma," alinong'ona kwa lahaja ya kisiwani. "Waombe wakupishe. Lakini usiahidi kitu, mwanangu."

Ghalib alimsikia vizuri. Ila ukimya wa mkewe ulimshinda.

"Nipisheni," alisema, machozi yakimtoka. "Nitawapa cha kwanza nitakachopata."

Foleni ikawa tupu. Daktari akasema, mkunga akamgeuza mtoto, akatoka mzima. Samiha akaomba maji.

Ghalib alimpokea mwanawe akimshukuru Mungu. Mtoto hakulia. Alikuwa akiutazama mlingoti dirishani, na Ghalib alipoinama kumwadhinia, mtoto aligeuza sikio. Nywele zake mbichi zilinukia ubani.

Ghalib alimnyooshea shangazi yake mtoto ampakate. Mwanabibi aliiweka mikono yake nyuma.