Boksi la Inchi Kumi na Tano

Boksi lilikuwa na joto. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mpiga besi alipaswa kulitilia maanani, na hakulitilia. Aliweka kiganja juu ya ubao wake, kwenye kona ya duka la spika zilizotumika, mahali ambapo jua halikufika hata kidogo, akahisi joto kama la paji la uso wa mtu mwenye homa. Akajiambia moyoni kwamba labda limetoka kujaribiwa sasa hivi.

Wenzake wa bendi walimwita Nzito, kwa ajili ya nyuzi nene alizopiga na kwa ajili ya maneno yake, ambayo yalitoka moja moja kama maji ya bomba bovu. Bendi yao ilipiga kwenye harusi. Wiki hiyo kiongozi wao alisema waziwazi: spika ya bendi imepasuka, pesa ya kununua nyingine hakuna, kila mpigaji aje na yake. Nzito alikuwa na gitaa la besi na ampli ndogo. Hakuwa na boksi, na besi bila boksi ni bubu.

Muuza spika alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni. Alimwonyesha maboksi matatu.

"Hili la kwanza lina spika nne za inchi kumi," alisema. "Sauti safi, inapiga kifua. Ila bei yake nayo inapiga kifua."

"La pili?"

"La pili usiliguse, ndugu yangu. Ubao wa maranda ya kugandishwa. Likinyeshewa siku moja tu, linavimba kama shavu la mwenye jino bovu."

"Na hili?"

Muuza spika akachomoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hilo lina spika moja, inchi kumi na tano. Mbao halisi. Ukinzani wake wa umeme ni omu nane, ampli yako italimudu. Na bei yake ni nusu ya lile la kwanza."

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu linavuma. Ndani halikujazwa kitu. Watu watatu wamelichukua kabla yako, wote wamelirudisha." Hakuwa akitania tena. "Mimi sifichi. Ukilitaka, lichukue lilivyo. Usifungue mgongo wake wala usilitie kitu."

"Boksi la besi likiwa tupu litavuma kama pipa. Hilo kila fundi anajua."

"Basi liache livume."

Nzito aliligonga ubavuni, akasukuma karatasi ya spika kwa ncha za vidole kusikiliza kama inakwaruza. Haikukwaruza. Chini ya spika palikuwa na tundu la upepo, duara, linaloweza kupitisha mkono. Alipoinama kulitazama, hewa ya uvuguvugu ilimpiga usoni, ikaacha, ikaja tena. Akanyanyuka haraka. Rahisi ni ghali, wahenga wamesema, lakini wahenga hawakuwa na harusi ya kupiga Jumamosi. Akalilipia, akalipakia kwenye mkokoteni.

Aliishi kwenye vyumba viwili na binti yake wa miaka sita. Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa sababu akifumbua macho hafumbi mdomo. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne iliyopita kwa homa ya siku tatu, Mungu amrehemu, na alikata roho alfajiri mtoto akiwa amelala. Chiriku ndiye aliyebaki. Kila Nzito alipojiuliza kwa nini anaamka asubuhi, jibu lilikuwa limelala pale pembeni, limetupa miguu juu ya shuka.

Nguo za marehemu zilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda. Mdogo wa marehemu, ambaye mtoto alimwita Mama Mdogo, aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo, na kila alipokuja aliuliza neno lile lile.

"Shemeji, nguo za marehemu hutolewa sadaka. Hizi zinangoja nini?"

"Nitazitoa."

"Ndivyo ulivyosema tangu arubaini."

"Nitazitoa, shemeji."

Boksi lilivuma kweli. Kila noti ya chini ilibaki chumbani baada ya kidole kuacha uzi, ikizunguka kama mgeni asiyejua pa kukaa. Mafundi hutandika pamba au sponji au blanketi kuukuu kwenye kuta za ndani, ili sauti itulie. Nzito hakuwa na pamba. Blanketi lilikuwa moja, la mtoto. Alikaa kitako mbele ya boksi kwa muda mrefu, kisha akavuta gunia kutoka chini ya kitanda.

Aliona ni jambo jema. Zile nguo hazingekwenda kwa mtu baki, wala hazingeoza kwenye gunia. Mke wake angekwenda naye kila harusi. Akafungua skrubu nane za mgongo. Ndani hamkuwa na vumbi wala utando wa buibui, kwenye boksi kuukuu kama lile. Mlikuwa safi kama nyumba iliyofagiwa kumngoja mtu. Akapigilia gauni la bluu upande huu, gauni la maua upande ule, shali juu. Mwisho akatia fulana ambayo mkewe aliivaa siku zile tatu za homa, ambayo haikupata kufuliwa.

Jumamosi watu waliacha kula wakageuka kusikiliza. Besi haikuvuma tena. Iliimba mdomo ukiwa umefumbwa, kama mwanamke anayefanya kazi zake jikoni. Kiongozi wa bendi alimpiga bega.

"Nzito! Umenunua spika au umeoa?"

Wote walicheka, na Nzito naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Watu husema majini ni ya usiku. Hili lilianza Jumatatu, saa nane mchana, jua likiwa kali na majirani wakianika nguo. Nzito alikuwa akiosha vyombo nyuma ya nyumba. Alimsikia Chiriku akiongea chumbani, jambo ambalo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa akinyamaza. Alisema, akangoja, akacheka, akasema tena, kama mtu anayejibiwa.

Nzito alifuta mikono akaingia. Waya wa boksi ulikuwa umeviringishwa kwenye msumari ukutani, na ampli ilikuwa kabatini. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, shavu limeegemea ubao, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kwenye tundu la upepo mpaka begani.

"Chiriku! Unafanya nini?"

"Ssh, Baba. Mama ananishika mkono."

Alimvuta. Mkono ulitoka kwa shida, kama unaovutwa matopeni, nao ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Ulinukia sabuni ya mama yake. Chini ya sabuni palikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa leo. Nzito aligeuza kile kiganja kidogo. Kucha ambazo asubuhi zilikuwa ndefu na zenye uchafu zilikuwa zimekatwa vizuri, zote tano.

Angelitupa boksi siku ile, yangeishia hapo. Alimpeleka mtoto kwa Mama Mdogo, akarudi na shoka mkononi. Lakini kabla hajalinyanyua alipiga magoti, akaweka sikio kwenye tundu.

"Baba Chiriku," sauti ilimwambia, chini kabisa, chini kuliko uzi wowote wa besi.

Shoka likamtoka. "Ni wewe?"

"Huku ni giza. Mbona mlinifukia haraka?"

Alilia mpaka ubao ukalowa. Na tangu siku ile, aibu iliyoje, alikuwa akimaliza kazi zake mbio ili akae pale. Mtoto naye alikaa pale. Siku ya tatu Chiriku aliacha kusimulia ndoto zake. Siku ya tano aliacha kuuliza maswali. Kadiri mtoto alivyopungukiwa maneno, ndivyo boksi lilivyozidi kuyapata, na baba alisikia kicheko cha binti yake kikitoka tunduni huku midomo ya binti yake imefumba, akajifanya hakusikia.

Mama Mdogo ndiye aliyesema.

"Shemeji, huyu mtoto ana nini? Nipo hapa tangu asubuhi, hajasema neno. Chiriku mzima!"

"Amechoka."

"Amechoka na nini? Kubeba zege?" Kisha akanyamaza, kwa sababu kutoka pembeni ya chumba mtu alikuwa akiimba mdomo umefumbwa, wimbo ambao yeye na marehemu dada yake waliutunga utotoni wakitwanga, na hawakupata kumwimbia mtu mwingine yeyote. Uso ukamgeuka rangi ya majivu. Akatoka bila viatu.

Alirudi alasiri na Maalim, mtu mfupi aliyesomea watu wengi na kuzika wengi. Maalim hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni akinusa.

"Mmetia nini ndani yake?" aliuliza.

Nzito alimwambia.

Maalim alifumba macho. "Jini lilikuwa uchi, ndani ya nyumba tupu. Halikuwa na sura wala sauti, ndiyo maana likawa linavuma tu. Wewe umelivisha."

"Lakini Maalim, sauti ni yake."

"Nguo ndizo zake. Marehemu wako yuko kwa Mola wake, mwanangu, hana haja ya boksi."

Akaanza kusoma, na aliposoma boksi lilianza kutetemeka taratibu, kisha skrubu za mgongo zikaanza kujifungua zenyewe moja baada ya nyingine na kudondoka sakafuni, na karatasi ya spika ikavimba nje kama tumbo na kunywea, ikavimba na kunywea, na ile harufu ya udongo ikajaa chumbani mpaka Mama Mdogo akaziba pua kwa nguo yake, na kutoka tunduni zikaja sauti mbili kwa pamoja, ya mwanamke na ya mtoto, zikiomba zisichomwe, huku mtoto mwenyewe amesimama mlangoni anatazama, hapepesi macho.

Maalim alinyamaza akihema. "Lichomwe kabla jua halijazama, na nguo zake zote. Mtoto atolewe hapa sasa hivi, asirudi mpaka majivu yapoe. Na likisema, asilijibu mtu." Akatoka uani kukusanya kuni.

Mama Mdogo alimshika Chiriku mkono. Nzito akamzuia.

"Dakika moja, shemeji."

"Maalim amesema nini? Huna masikio?"

"Hakumuaga mama yake. Alikuwa amelala. Dakika moja tu. Amuage."

"Shemeji, nakuomba. Kwa haki ya marehemu, nakuomba."

Nzito alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa shemeji yake, kwa upole. Mama Mdogo akakimbia uani akimwita Maalim.

Chiriku hakuhitaji kuambiwa. Alipiga magoti, akatia mkono tunduni, kwanza kiganja, kisha kiwiko, kisha bega, na Nzito akiwa amemshika kiuno alihisi kitu upande wa pili kikiupokea ule mkono, si kwa kuvuta, bali kwa utulivu, kama mtu anayepokea mtoto kwenye ngazi, na akahisi mwili wa mwanawe ukizidi kuwa mwepesi, mwepesi kama gunia linalomwagwa nafaka, akataka kumvuta na mikono yake haikumtii, akataka kusoma dua yoyote aliyofundishwa tangu utotoni na hakupata hata herufi moja, kisha, kwa kufumba na kufumbua, ule mwili ukawa mzito tena, mzito kuliko ulivyokuwa, na Chiriku akachomoa mkono wake mwenyewe, akasimama, akajipangusa magoti.

Maalim aliingia mbio. Boksi lilikuwa limetulia. Aliweka kiganja juu yake; lilikuwa baridi, ubao tu.

Walilichoma uani. Liliwaka kama mbao yoyote, na nguo ziliwaka kama nguo yoyote. Hakuna sauti iliyotoka. Maalim alinyunyiza maji kwenye pembe nne za nyumba, akamtazama mtoto, akamwekea mkono kichwani.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Chiriku," alijibu, akatabasamu.

"Alhamdulillahi. Limetoka." Mama Mdogo aliangua kilio cha furaha, akamkumbatia mtoto mpaka akamkwaruza kwa bangili.

Baada ya sala ya magharibi waliondoka. Nzito alimlaza binti yake, akamfunika blanketi, akamshukuru Mungu kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Mtoto alilala chali, macho wazi, akitazama dari kwa subira. Nzito aliinama, akaweka sikio juu ya kile kifua kidogo, kama alivyokuwa akifanya mtoto alipokuwa mchanga, ili asikie moyo.

Hakusikia moyo. Alisikia mvumo mmoja mrefu wa chini, usiokatika. Na nyuma ya mvumo ule, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka chumba cha mwisho cha nyumba isiyo na mwisho, alimsikia Chiriku wake.

"Baba," alikuwa akiita. "Baba, huyu si Mama."