Kuku Aliyepaswa Kuvuka Kwanza

Unyoya wa kwanza Honorine aliukuta ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, chini ya kifuniko kilichofungwa vizuri. Mweupe, unaelea. Akautoa kwa vidole viwili akamwonyesha mume wake.

"Papa Noëlla, ni nini hii?"

"Unyoya," Alphonse akajibu bila kutazama. "Kuku ya jirani."

"Jirani gani iko na kuku mweupe?"

Alphonse akavaa kofia ya kazi akatoka, chai ikabaki mezani. Sisi wa mtaa wa Nyakasanza tulimjua: kapita mkali, msimamizi wa wafanyakazi, viatu vinang'aa, na kila Jumapili yeye ndiye anayesoma somo la kwanza kanisani. Mtu wa namna hiyo haulizwi habari za kuku. Lakini za kuku yule alizijua zote.

Mwaka ule wa sabini na sita walikuwa wanajenga daraja kwenye barabara ya mlimani, inayoteremka toka Bunia kwenda ziwani. Nguzo mbili ndefu, ukitazama chini miti mikubwa imekuwa midogo kama majani ya sombe shambani, na juu yake boriti za chuma zinasukumwa polepole toka ng'ambo hii hadi ile. Watu wa bonde hawakukataa daraja. Waliomba kitu kimoja tu: siku boriti itakapogusa ng'ambo, kabla mtu yeyote hajapita, kuku mweupe avushwe mzima na kuachiliwa kule. Mwenye bonde, mzimu wa kule chini, apate heshima yake kwanza. Mama Bibiane, mwanamke mzee aliyekuwa msemaji wao, alimleta kuku mwenyewe, akamtia kapita mikononi, kwa sababu kapita ndiye hutangulia.

Alphonse aliona haya. Yeye, msomaji wa kanisani, abebe kuku ya mizimu mbele ya injinia na mbele ya vijana aliowafundisha sala? Akasema atamvusha alfajiri, peke yake. Kisha akamficha ndani ya mfuko, akamchinja na kumnyonyoa njiani, akaenda naye nyumbani. Honorine hakujua kitu, akampika na karanga. Wakamla wote watatu: baba, mama, na Noëlla wa miaka sita, aliyelamba sahani mpaka ikang'aa.

Mama Bibiane alipokuja kuuliza mbona kuku haonekani ng'ambo, na wafanyakazi wamekwisha kupita, haya ile ikazaa uongo. "Nilimupa Vahwere amuvushe," kapita akasema. Vahwere alikuwa fundi wa kukaza bulon, zile bolti za chuma, mgeni toka upande wa Butembo, mtu wa maneno machache. Akaapa kwamba hakumwona kuku yeyote. Nani amsikie? Walimtemea mate miguuni, akafukuzwa kazi siku ileile. Alphonse alisimama pale akitazama viatu vyake.

Basi, baada ya unyoya ikaja harufu. Saa sita za mchana, moto haujawashwa, nyumba nzima inanuka kuku anayebabuliwa manyoya. Halafu kitu kikaanza kuparura chini ya kitanda, kinaparura, kinanyamaza, kinaparura tena. Siku ya nne Noëlla aliacha kusema, siku ya tano akaikataa sahani, akawa anachuchumaa uani na kuokota punje za mahindi kwa mdomo, mikono nyuma, shingo inaenda mbele na kurudi, na Honorine alipomshika mabega akasikia chini ya ngozi moyo unaopiga mbio, mbio ambazo si za mtoto, na jicho moja la pembeni likamgeukia, halipepesi, likamtazama muda mrefu.

Honorine akamvuta mume wake jikoni. "Ile kuku uliitoa wapi?" akanong'ona.

"Soko."

"Usinidanganye mbele ya mutoto huyu."

Alphonse akamwambia yote, uso ukielekea ukuta. Honorine akajipiga mapaja. "Yesu wangu! Na Vahwere wa watu?"

"Nyamaza, watu watasikia."

"Watu! Mutoto anakufa, na weye unaogopa watu!"

Akambeba Noëlla mgongoni akateremka mpaka kwa Mama Bibiane. Bibi yule alimnusa mtoto kichwani, akarudi nyuma hatua moja.

"Usiniletee kuku ingine," akasema polepole. "Kuku ilikuwa heshima tu. Sasa mwenye bonde anataka kinywa. Bwana yako asimame katikati ya kilalo, ile daraja yao, muchana, watu wote wasikie. Aseme yote. Akibakiza kitu, mutoto njo atavuka pahali pa kuku."

Jumamosi, jua limepanda, watu wakajaa juu ya daraja. Wafanyakazi, watu wa bonde, na nyuma kabisa Vahwere, ambaye Honorine alimtumia ujumbe. Kingo za daraja zilikuwa bado hazijafungwa. Upepo ukavuma toka chini, na ndani yake ile harufu ya manyoya.

"Nilikula kuku," Alphonse akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kanisani. "Sikumuvusha. Nilimukula nyumbani kwangu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Umesema yote?" Mama Bibiane akauliza.

Alphonse akawaona vijana wake wa sala. Akamwona Vahwere.

"Yote," akasema.

Noëlla akachomoka mkononi mwa mama yake. Hakukimbia, alitembea kwa vidole juu ya ukingo wa boriti, mikono nyuma, shingo mbele na nyuma, na Honorine analia "Sema, Alphonse! Sema!", na Alphonse amefungua mdomo huku macho yako kwa vijana wake, na mimi nawaambia alikuwa na muda, alikuwa na muda wa kulisema neno lile mara tatu, na mguu mmoja wa mtoto ukanyanyuka ukakanyaga hewa. Vahwere ndiye aliyejitupa kifudifudi juu ya chuma akamdaka mguu wa pili.

"Ni mimi!" Hapo ndipo Alphonse alipopiga kelele. "Vahwere hakufanya kitu! Nilimusemea uongo!"

Harufu ikakatika. "Mama," Noëlla akasema, "niko na njaa."

Vahwere akamkabidhi mtoto kwa Honorine, akafuta mikono yake, akampita Alphonse kama anapita nguzo. Injinia alimwita arudi kazini, hakugeuka.

Jioni Noëlla alikula bugali na samaki, anaongea kama zamani. Alphonse akamsogelea binti yake.

"Mama yangu, kule pembeni, nani alikuwa anakuita?"

"Hakuna mutu alikuwa ananiita, Papa. Yule wa kule chini alikuwa ananiuliza tu, baba yako atasema? Nikamuambia ndiyo, Papa atasema. Njo akaniambia, basi tembea, tuone."

Akamega tonge lingine. Honorine hakumtazama mume wake, si siku ile wala kesho yake.