Sikio Lisilongoja Kukauka

Mwanzia wa Shauri Moyo alikuwa mchonga vinyago, na kwake mambo yote yalikuwa mti. Hata majirani aliwapima kama magogo: huyu mgumu, yule ana ufa.

Mwaka 1998, binti yake Ndunge alipona homa ya uti wa mgongo, lakini hakusikia tena. Mwanzia aligonga gogo kwa tezo yake ya kuchongea nyuma ya mtoto, naye mtoto akaendelea kuchezea vibanzi. Jambo hilo lilimuuma sana.

Madaktari walisema wangeweza kuingiza waya mdogo ndani ya sikio, uamshe mshipa wa kusikia. Mwanzia akakataa. Mti mbichi ukichongwa hupasuka, alisema. Mfupa wa mtoto ukomae kwanza. Tena alihofia uso wa mtoto ungepinda.

Nthoki, jirani yao, alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alipokuja kuwajulia hali, Kavinya, mama Ndunge, alimtolea picha ya sikio iliyopigwa hospitalini. Nthoki akaiinua dirishani.

"Baba Ndunge, ona hapa. Ndani ya sikio kuna njia nyembamba, imejizungusha kama konokono. Baada ya ugonjwa huu, mfupa huanza kuota humo. Ukingoja, njia itaziba."

"Na uso wake?"

"Mshipa wa uso uko karibu, ni kweli. Ndiyo maana tunaweka nyaya ndogo shavuni. Daktari akiukaribia, mashine inalia, naye anasimama. Na kabla ya kushona tunapiga picha nyingine papo hapo, tuone kama waya umekaa sawa."

Miaka yote Mwanzia alikuwa amechonga bila kuona ndani ya mti, na ufa aliukuta akiwa amechelewa. Akakubali.

Siku ya upasuaji, mashine ililia. Daktari akasogeza chombo chake. Kisha picha ikaonyesha ncha ya waya imejikunja. Wakautoa, wakauingiza upya, wakapiga picha tena, ndipo wakashona. Nthoki alipowasimulia hayo, Mwanzia alijifuta jasho. Ndunge alizinduka akilia, na mdomo wake ukafunguka sawasawa pande zote mbili.

Kidonda kilipopona, kifaa cha kusikia kilichounganishwa na waya ule kiliwashwa. Sauti zilikuwa ngeni kwa Ndunge, akafundishwa polepole kuzitambua.

Asubuhi moja Mwanzia alikuwa akichonga nyuma ya Ndunge. Akagonga. Ndunge akaacha vibanzi, akageuka. Baba mtu akaweka tezo chini na kulia waziwazi.

Ndunge akaisukuma tezo kwa baba yake, agonge tena.